Barua ya wazi kwa Bodi ya Filamu Tanzania: fedha ya mtoto iwekwe kwa jina la mtoto

Mheshimiwa Mwenyekiti, Ndugu Katibu na Wajumbe wa Bodi,

Nawaandikia kuhusu watoto wanaoigiza katika tamthilia zetu. Ombi langu ni moja. Kabla Bodi haijatoa kibali cha kupiga picha kwa kazi yoyote yenye mtoto ndani yake, mtayarishaji aonyeshe mkataba unaotaja malipo ya mtoto huyo, pamoja na akaunti ya benki yenye jina lake ambayo mzazi wala mlezi hawezi kuchota. Sababu zangu nazitoa mbali, Marekani, katika maisha ya Gary Coleman. Naomba mnivumilie niyasimulie kwa kirefu, kwa kuwa nchi ile ilikuwa na sheria ya kuwalinda watoto waigizaji miaka 29 kabla yeye hajazaliwa, na bado aliumia.

Gary alizaliwa Februari 8, 1968, jimbo la Illinois, akalelewa katika mji wa Zion na wazazi waliomchukua akiwa mchanga. Alizaliwa na ugonjwa wa figo. Alipandikizwa figo mwaka 1973, akiwa na miaka mitano, na mara ya pili mwaka 1984. Zote mbili hazikudumu, akaishi kwa kusafishwa damu. Ugonjwa huo, na dawa zilizomweka hai, vilikizuia kimo chake. Hakuwahi kuvuka mita 1.42.

Alianza kwa matangazo ya biashara Chicago. Alikuwa na mashavu ya mtoto mdogo na ulimi mwepesi kama wa mtu mzima, na mjini huko akaonwa na watu wa kampuni ya Norman Lear, wakati huo mtayarishaji mwenye nguvu kuliko wengi katika vichekesho vya televisheni ya Marekani. Wakampeleka California. Novemba 3, 1978, kituo cha NBC kikaanza kurusha Diff'rent Strokes: ndugu wawili weusi wa mtaa wa Harlem, Willis na Arnold, wamefiwa na mama yao, na tajiri wa Kizungu aliyekuwa mwajiri wa mama anawachukua waishi naye kwenye jumba lake la ghorofani, Manhattan. Gary ndiye alikuwa Arnold. Yeye alikuwa na miaka kumi, Arnold alikuwa na minane.

Miaka hiyo NBC ilikuwa ikiburuta mkia kati ya vituo vitatu vikubwa vya nchi. Kipindi hiki kilikuwa miongoni mwa vichache vilivyowaletea watazamaji, na watazamaji walikuja kwa ajili ya yule mdogo. Alikuwa na namna ya kukunja uso na kumuuliza kaka yake swali lilelile kila wiki, na watoto wa Marekani nzima wakalikariri. Kwenye kilele chake alitajwa kulipwa hadi dola 100,000 kwa kipindi kimoja.

Hapa naomba tukae kidogo, maana ndipo mahali ninapopafikiria zaidi. Kilichouzwa katika kipindi kile kilikuwa udogo wake. Mtoto yeyote mwingine aliyeanza na miaka kumi angekua, sauti ingebadilika, waandishi wangelazimika kumwandikia mambo mapya au kumwaga kwa heshima. Gary hakukua. Alifika miaka 15, 16, 17, na bado kamera ilimpiga kama mtoto wa shule ya msingi, mbele ya watazamaji waliocheka wakidhani ni kipaji tu. Kilikuwa kipaji, hilo silikatai. Kushika wakati wa kichekesho vile ni kitu ambacho waigizaji wazima hukitafuta maisha yao yote. Lakini kilibebwa na mwili uliokuwa unaugua, na ratiba ya kurekodi iliendelea mwaka baada ya mwaka, figo ya kwanza ikishindwa, figo ya pili ikipandikizwa. Kipindi kilidumu misimu minane, hadi 1986, msimu wa mwisho kikiwa kimehamia ABC. Kilipozimwa, Gary alikuwa na miaka 18. Ndipo watu wale wote waliompenda alivyo wakagundua kwamba hawana kazi ya kumpa mtu mzima mwenye sura ile.

Mwaka 1989 aliwashtaki wazazi wake na aliyekuwa mshauri wake wa fedha, akidai kwamba fedha zake zilizowekwa amana zimetumiwa isivyo halali. Mwaka 1993 mahakama ilimpa dola milioni 1.28. Ukiiweka namba hiyo karibu na dola 100,000 kwa kipindi, utaelewa kwa nini ushindi huo haukumfuta machozi. Agosti 1999 alitangaza mahakamani kwamba amefilisika. Alipoulizwa nani wa kulaumiwa, alianza na yeye mwenyewe, akawapitia wahasibu, wazazi, mawakala na wanasheria, kisha akarudi kwake tena. Namheshimu kwa jibu hilo. Aliwahi kufungua ukumbi wa michezo ya kompyuta karibu na bahari huko California na ukala fedha nyingi, kwa hiyo alijua anachosema. Lakini mtoto wa miaka kumi hasaini mkataba, haajiri mhasibu, hachagui mlezi. Kwenye orodha yake ile, wengine wote walikuwa watu wazima tangu siku ya kwanza.

Sasa sheria. Tuirudie nyuma hadi kwa Jackie Coogan, yule mtoto aliyeigiza na Charlie Chaplin katika The Kid, filamu ya 1921. Coogan alichuma mamilioni enzi za filamu bubu. Baba yake alikufa katika ajali ya gari Mei 1935, na miezi michache baadaye Coogan akatimiza miaka 21 na kwenda kuchukua chake. Akaambiwa hakuna chake. Kwa sheria ya California ya wakati ule, kipato cha mtoto kilikuwa mali ya wazazi. Mwaka 1938 alimshtaki mama yake na baba yake wa kambo, na mwishowe akapata dola 126,000 hivi. Aibu ilikuwa kubwa kiasi kwamba mwaka 1939 California ikatunga sheria inayojulikana hadi leo kwa jina lake.

Watu wengi husimulia habari ya Coogan wakaishia hapo. Sheria ile ilivuja. Iliigusa mikataba iliyopelekwa mahakamani kuidhinishwa, na mikataba mingi haikupelekwa. Jaji angeweza kuamuru sehemu ya fedha itengwe, lakini kinachobaki kilikuwa bado cha wazazi. Na hata pale amana ilipofunguliwa, aliyeisimamia mara nyingi alikuwa yuleyule mzazi au meneja aliyekuwa akila humo. Ikavuja hivyo kwa miaka 60. Katika miaka hiyo 60 ndimo alimopita Gary Coleman, pamoja na wenzake wawili wa kipindi kilekile.

Niwataje na wao. Dana Plato, aliyeigiza binti wa yule tajiri, mwaka 1991 alivamia duka la kukodisha kanda za video Las Vegas, na Mei 8, 1999 akafa kwa kuzidisha dawa akiwa na miaka 34. Todd Bridges, aliyekuwa Willis, alizama katika kokeini, akashtakiwa kwa jaribio la kuua, akaachiwa huru, na baadaye akajinasua na kuandika kitabu kuhusu maisha yake. Machi 1983, Nancy Reagan, mke wa Rais, aliingia katika sehemu moja ya kipindi hicho akiigiza kama yeye mwenyewe, ili kuwaonya watoto wa Marekani wasiguse dawa za kulevya. Taifa zima liliwatumia watoto wale watatu kuwafundisha watoto wengine. Wao wenyewe walibaki bila mtu wa kuwaangalia.

Sheria iliyozibwa nyufa ilianza kazi Januari 1, 2000. Aliyeipigania kwa miaka mingi alikuwa Paul Petersen, naye mtoto wa televisheni wa zamani, aliyeigiza katika The Donna Reed Show na mwaka 1990 akaanzisha chama cha kuwatetea watoto waigizaji. Kuanzia hapo, California inasema kipato cha mtoto ni mali ya mtoto. Mwajiri mwenyewe ndiye anayepeleka asilimia 15 kwenye akaunti iliyofungwa hadi mtoto atimize miaka 18. Fedha haipiti mkononi mwa mzazi. Kwa mtoto ambaye hakufunguliwa akaunti, fedha hupelekwa kwenye mfuko unaomtunzia mpaka apatikane. New York, Illinois, Louisiana na New Mexico nazo zina utaratibu wa namna hiyo. Tangu Julai 2024, Illinois imeupanua kwa watoto ambao wazazi wao huwarekodi na kuchuma kwa video za mtandaoni, na California ikafuata mwaka 2025.

California haikuishia kwenye fedha. Mtoto wa miaka sita hadi minane anaruhusiwa kufanya kazi saa nne tu kwa siku ya shule, saa tatu nyingine ni za masomo, na mwalimu lazima awepo lokesheni. Kichanga kisichofikisha miezi sita hakipigwi picha zaidi ya dakika 20 kwa siku. Ripoti ya shule ikiwa mbaya, kibali cha mtoto hakihuishwi.

Waheshimiwa, naomba sasa tuje nyumbani.

Sisi tunazo sheria. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaweka umri wa chini wa kufanya kazi kuwa miaka 14, tena kazi nyepesi, na inakataza mtoto kufanya kazi kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi. Lakini kila wiki tunawaona kwenye televisheni watoto wa miaka sita, saba, minane, na wengi wao ni hodari sana. Tangu vituo vya ndani na vya kulipia vianze kununua tamthilia za Kiswahili kwa wingi, kazi imeongezeka, na hadithi za familia haziandikiki bila watoto. Mimi mwenyewe naandika skripti, na sipendekezi tuwafukuze watoto kwenye kazi hii. Nasema wanafanya kazi ambayo kwenye karatasi haipo, na kazi isiyokuwepo haina mkataba, haina saa na haina mwenye kuikagua.

Nimemwona mtoto wa miaka saba akiamshwa saa tano usiku kwenye kochi alilolalia ili arudie sini ya msiba. Alilia vizuri sana. Watu wazima wakapiga makofi, na bahasha akakabidhiwa mjomba aliyemleta. Hakuna aliyeona tatizo, maana ndivyo kazi inavyokwenda. Mjomba yule huenda aliifikisha fedha ile yote nyumbani na ikanunua madaftari na viatu vya shule. Sina sababu ya kumshuku. Lakini kwa utaratibu huo huo, mjomba mwingine angeweza kuinywa yote njiani, na mtoto asingekuwa na pa kwenda kudai hata akifika miaka 30.

Njia halali ipo, nayo tumekwisha iridhia. Tanzania iliridhia Mkataba Namba 138 wa Shirika la Kazi Duniani mwaka 1998. Ibara yake ya 8 inaruhusu nchi kutoa vibali, mtoto mmoja mmoja, kwa ajili ya maonyesho ya sanaa, ilimradi kibali kitaje saa za kazi na masharti yake. Nchi yetu ina chombo ambacho tayari kinapokea skripti, kinatoa vibali vya kupiga picha na kukagua kazi kabla haijaonyeshwa. Chombo hicho ni ninyi. Skripti inapofika mezani kwenu, majina ya wahusika watoto yamo ndani yake. Hamhitaji kumtafuta mtoto mtaani. Mtayarishaji anawaletea taarifa zake mwenyewe siku anapoomba kibali.

Najua mtaambiwa nini, kwa kuwa na mimi nimeambiwa. Watayarishaji watasema bajeti ni ndogo. Ni kweli, bajeti zetu ni ndogo mno, na kuna wakati mtayarishaji anamaliza kazi akiwa na deni. Lakini akaunti ya mtoto haiongezi hata shilingi moja kwenye gharama. Fedha ni ileile, inabadilika tu mahali inapopelekwa.

Wazazi watasema jambo zito zaidi, na hili sitaki tulipite haraka. Watasema kwamba kipato cha mtoto ndicho kinacholipa kodi ya chumba na ada ya wadogo zake, na kwamba kwetu mtoto kuisaidia familia ni malezi mema. Siwezi kumwambia mama anayelala njaa aitazame akaunti iliyofungwa. Kwa hiyo napendekeza mambo mawili yaende pamoja. Mzazi au mlezi anayemsindikiza mtoto lokesheni alipwe posho yake mwenyewe, iandikwe kwenye mkataba, kwa sababu naye anaacha shughuli zake na kukaa kutwa nzima. Kisha malipo ya mtoto yagawanywe nusu kwa nusu: nusu ya matumizi ya sasa, nusu ifungwe. Asilimia 15 ya California ni ya watu wanaolipwa mamilioni. Kwetu asilimia 15 ya malipo ya sini tatu haitamfikisha mtoto hata kidato cha kwanza.

Benki zetu zinazo akaunti za watoto, kama Mtoto Akaunti ya NMB na Junior Jumbo ya CRDB, na ni jambo jema. Ila akaunti hizo hufunguliwa na kuendeshwa na mzazi. Kinachohitajika ni kufuli juu yake: isitoke fedha hadi mtoto afikishe miaka 18, ila kwa amri ya mahakama ya watoto, kwa mfano akiugua au akikosa ada. Naitaja ada kwa makusudi, na ugonjwa pia, kwa kuwa Gary Coleman alihitaji shule na matibabu zaidi ya umaarufu. Mtoto ambaye mlezi wake hakufungua akaunti, fedha yake ipelekwe RITA, ambayo kupitia Kabidhi Wasii Mkuu ina kazi ya kusimamia mali za walio chini ya umri. Na afisa ustawi wa jamii wa wilaya apewe ratiba ya kurekodi ili aweze kufika lokesheni bila kutoa taarifa.

Kuna wanaosema mzazi mwema anatosha. Wapo kweli. Ron Howard alianza The Andy Griffith Show akiwa na miaka sita, mwaka 1960. Baba yake, naye mwigizaji, alikuwa karibu naye kazini, familia ikaishi maisha ya kawaida, na mtoto yule akaja kuwa mwongozaji mkubwa na kushinda tuzo ya Oscar mwaka 2002. Nafurahi kila ninapoisoma habari yake. Lakini Howard na Coleman walifanya kazi katika jimbo lilelile, chini ya sheria ileile yenye matundu. Kilichowatofautisha ni nani aliwalea, na hilo hakuna mtoto anayelichagua.

Nimalizie habari ya Gary, kwa kuwa niliianza. Hata kabla hajatangaza kufilisika alikuwa akifanya kazi ya ulinzi. Mwaka 1998, akiwa dukani California akinunua fulana ya kuzuia risasi kwa ajili ya kazi hiyo, mwanamke mmoja alimwomba sahihi, wakatupiana maneno, akampiga ngumi, na mahakama ikamtia hatiani. Magazeti yalilifanya kichekesho: Arnold amekasirika. Mwaka 2003 gazeti moja lilimdhamini agombee ugavana wa California, kwa mzaha, na kati ya wagombea 135 akashika nafasi ya nane kwa kura 14,242. Alipenda mno treni za kuchezea, zile zinazounganishwa kipande kwa kipande juu ya meza kubwa, na kuna nyakati alifanya kazi katika maduka yanayoziuza. Hicho ndicho ninachopenda kumkumbuka nacho, kwamba katika maisha yale alikuwa na kitu alichokipenda ambacho hakuna aliyemlipa akipende. Mei 2010 alianguka nyumbani kwake Utah, damu ikavuja kwenye ubongo, na Mei 28 akafariki katika hospitali ya mji wa Provo. Alikuwa na miaka 42. Hata baada ya kufa, watu waliendelea kuvutana mahakamani juu ya mali yake kidogo iliyobaki.

Marekani ilihitaji Coogan mmoja ili itunge sheria, na miaka 60 ya watoto wengine ili iizibe. Sisi tunaanza mapema, biashara yetu ikiwa bado changa na watoto wetu wengi wa televisheni bado hawajafika sekondari. Kipengele ninachokiomba kinaweza kuingia kwenye fomu ya maombi ya kibali mwaka huu, wakati kanuni kamili zikiandaliwa na Wizara.

Nakala ya barua hii nimempelekea Kamishna wa Ustawi wa Jamii, kwa kuwa maafisa wake ndio watakaofika lokesheni. Nipo tayari kuja mbele ya Bodi na rasimu ya mkataba wa mtoto mwigizaji niliyoiandaa, yenye kurasa mbili, kwa Kiswahili ambacho mzazi yeyote anaweza kukisoma kabla hajasaini. Naomba nipangiwe siku.

Wenu katika kazi hii,

Mwandishi wa skripti za tamthilia
Dar es Salaam